Mama Kwenye Kiti cha Nyuma

Paskazia alishika kitasa cha mlango wa mbele wa gari la Pijo kama mtu anayejua haki yake. Alivaa gauni la kitenge la kanisani ingawa ilikuwa Jumamosi, na viatu vya kamba kwa sababu aliambiwa watatembea. Mkobani alikuwa na bendeji, spiriti na dawa ya kuharisha. Alikuwa muuguzi hadi alipostaafu na kufungua duka la dawa pale Igogo, na hakuamini safari isiyo na bendeji.

"Odeta," Nestory alisema, macho yake yakiwa kwenye usukani, "mwambie mama akae nyuma. Mbele atakaa Mama Vipul."

Odeta alidhani hakusikia vizuri.

"Nani akae nyuma?"

"Mama. Nyuma, upande wa kushoto."

Kushoto, yaani si nyuma ya dereva, bali kona ya mbali kabisa, penye kiti kilichochanika na kushonwa kwa uzi wa nyavu. Odeta alimtazama Nestory, akamtazama mama yake. Paskazia aliachia kitasa. Akazunguka gari, akaingia nyuma, akauweka mkoba mapajani.

Hivyo ndivyo ilivyoanza siku ambayo Odeta aliiombea mwezi mzima.

Aliiombea kwa sababu kesho yake, baada ya misa, wajomba wa Chenge wangekuja nyumbani kuchukua jibu la posa. Chenge alikuwa na magari mawili ya barafu yaliyobeba sangara kutoka Mwaloni hadi kiwanda cha minofu, kiwanda kilekile ambako Odeta alikuwa karani wa mapokezi. Alikuwa mchangamfu na mnene wa wastani, asiye na neno baya kwa mtu. Alikuwa amekwenda kwa Paskazia mara nyingi, akala, akasifu, akaomba aongezewe. Nestory, ambaye ndiye Odeta aliyemtaka, hakuwahi kukanyaga kizingiti cha nyumba ile. Kila Odeta alipomwambia njoo, alijibu kwamba wakati haujafika.

"Anajificha," Paskazia alikuwa akisema. "Mwanaume anayejificha ana mke mahali, au hana kitu. Huyu hana kitu."

Kwamba hana kitu ilikuwa karibu na kweli. Nestory alikuwa karani wa chama cha ushirika hadi makarani walipopunguzwa. Wenzake walinunua mitumba wakapanga chini. Yeye alinunua Pijo 504 iliyochoka, akaanza kuwapeleka watu kuona majengo ya Wajerumani, makaburi ya wamisionari na vinu vya pamba vya Wagriki. Paskazia alipoelezwa kazi hiyo aliuliza mara mbili. "Analipwa kuonyesha watu nyumba zilizobomoka?"

Mwishowe Odeta aliweka ahadi mezani. "Mama, Jumamosi anampeleka Mama Vipul Mwalugesha. Gari lina nafasi. Njoo umwone siku moja tu. Ukiona hafai, Jumapili wape wajomba wa Chenge jibu unalotaka. Mimi nitanyamaza."

Na Odeta hakuwa mtu wa kurudi nyuma kwenye ahadi.

*

Mama Vipul, jina lake Shanta, alikuwa na duka la vitambaa mjini na ulimi usiopumzika. Alizaliwa Mwalugesha, mji mdogo kando ya mto Simiyu, baba yake alipokuwa na duka pale. Hakuwahi kurudi tangu akiwa msichana.

"Nestory, hili gari litafika?" aliuliza walipoipita Igoma na injini ikaanza kukohoa.

"Litafika, mama."

"Na kurudi?"

"Kurudi pia, mama."

"Sema inshallah basi, hata kama wewe ni Mkristo na mimi ni Mhindu. Tuwe na mtu wa kumlaumu."

Paskazia alicheka kidogo kule nyuma. Odeta alipata tumaini. Lakini hapohapo Nestory alinyanyua mkono, akashika kioo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma, akakigeuza juu hadi kikawa kinaonyesha dari ya gari. Kilichokuwa kikionekana humo kabla ya hapo ni uso wa Paskazia.

Kicheko cha Paskazia kilikatika.

"Kijana huyu ni wa wapi?" alimuuliza Odeta kwa sauti ya chini.

"Wa Nassa, mama."

"Nilijua," Paskazia alisema. Akageukia dirishani.

Odeta hakujua mama yake alijua nini, ila sauti ile haikumpa raha. Alikulia Dodoma na Tabora, kwenye nyumba za reli, kwa baba Mngoni aliyekuwa stesheni masta, kisha akapelekwa bweni Morogoro. Walihamia Mwanza baba alipofariki, kwa kuwa mama alikuwa wa Magu. Kisukuma cha Odeta kilitosha kununua nyanya.

Kituo cha kwanza kilikuwa Kageye, penye makaburi ya Wazungu wa zamani, karibu na ziwa. Maji yalikuwa yametulia na upepo ulikuwa mdogo. Nestory aliwaeleza jinsi wageni wale walivyofika kwa miguu kutoka pwani, wakapiga kambi hapa, na jinsi wengine walivyoishia hapa.

"Waliugua nini?" Mama Vipul aliuliza.

"Homa, mama."

"Malaria," Paskazia alisema, akiinama kusoma jiwe. "Na kuhara. Hawakuchemsha maji." Alilipangusa jiwe kwa kiganja. "Watoto wadogo hawa. Mama zao walipata habari lini?"

Lilikuwa swali zuri, na Nestory alikuwa na jibu, maana Odeta alishawahi kulisikia. Lakini hakumjibu Paskazia. Alimgeukia Mama Vipul, akamweleza yeye, kana kwamba yeye ndiye aliyeuliza. Kwamba barua zilibebwa na wapagazi hadi pwani, na nyingine zilifika mtu akiwa ameshasahaulika.

Wakati wa kurudi garini mambo yakawa mabaya zaidi. Njia ilikuwa nyembamba, mkonge huku na huku. Paskazia alikuwa ametangulia, akakumbuka miwani yake aliiacha juu ya jiwe, akageuka. Nestory alikuwa akija. Alipomwona, aliruka. Hakusogea pembeni kama watu wanavyosogea, aliruka ndani ya mkonge mzimamzima, akasimama kule ameipa njia mgongo, kichwa chini, hadi Paskazia alipopita kwenda na kupita kurudi. Alipotoka, shati lilikuwa limechanika begani na damu inatoka.

Paskazia alifungua mkoba, akatoa spiriti na pamba. Hakumpa. Alimpa Odeta.

"Mpe," alisema. "Ajipake."

Odeta alimpa. Mikono yao iligusana kwenye pamba na Nestory akamtazama kwa yale macho yake ya upole, yaliyomfanya amsahau Chenge na magari yake ya barafu siku ya kwanza tu. Leo Odeta aliyakwepa.

*

Boma la Mwalugesha lilisimama juu ya kilima kidogo, mto ukiwa chini yake. Kuta zake zilikuwa nene kiasi cha mtu kulala dirishani. Nusu ya mabati ilikuwa imeondoka na upepo, popo walikaa kwenye chumba cha bwana mkubwa, na mtu fulani alikuwa ameanika mihogo kwenye baraza. Kutoka barazani, ngazi za mawe zilishuka hadi mtoni, mahali ambapo zamani mitumbwi ilipakia pamba.

"Babu yangu alibeba mawe haya," Nestory alisema. "Kutoka kilima kile. Alikuwa akituonyesha lipi ni lake."

"Lipi?" Mama Vipul aliuliza.

"Kila mwaka alikuwa anaonyesha tofauti, mama."

Mama Vipul alicheka hadi akashika ukuta. "Na babu yangu aliwauzia misumari. Labda jengo hili ni letu mimi na wewe, hatujui tu."

Walikula barazani. Odeta alikuwa ameamka alfajiri kukaanga sato na kupika wali wa nazi, chakula ambacho mama yake alikipenda na Nestory alikipenda, akifikiri watu wakila pamoja mambo mengine hujirekebisha. Alipakua sahani nne. Nestory alichukua yake, akashukuru, akaenda nayo nyuma ya ukuta. Walimsikia kule akitema miiba.

"Mchokozi wewe, rudi ule na watu!" Odeta aliita, akijaribu kucheka.

"Niko sawa hapa," sauti ilijibu kutoka nyuma ya ukuta.

Paskazia alikula taratibu, macho yake kwenye ule ukuta. Mama Vipul, ambaye hakula samaki, alikula wali na pilipili aliyokuja nayo, akawatazama wote kwa zamu, kama mtu anayetazama mechi.

Odeta hakumaliza chakula. Alizunguka ukuta, akamkuta Nestory anaosha vidole, akamvuta hadi katikati ya ngazi za mawe.

"Nestory, mama yangu ana ukoma?"

"Maneno gani hayo?"

"Nakuuliza. Maana tangu asubuhi unamkimbia kama mwenye ukoma. Umemweka nyuma kama gunia. Umegeuza kioo usimwone. Akiuliza swali unamjibu mtu mwingine. Chakula umekwenda kula na popo. Nilikuomba siku moja, Nestory. Siku moja tu mama yangu akuone, na wewe umemwonyesha nini?"

Nestory alikuwa ameduwaa. "Kweli hujui ninachofanya?"

"Naona unachofanya!"

"Nilidhani unajua. Mama yako anatoka Magu."

"Kutoka Magu ni kosa?"

"Punguza sauti. Anatusikia." Alitazama juu barazani, kisha akatazama mto. "Siwezi kulieleza hili anasikia. Nikilieleza mbele yake nitakuwa nimeliharibu. Twende kule chini."

"Siendi kule chini. Niambie hapahapa kuna nini, au usiniambie kabisa."

Juu yao kitenge cha Paskazia kilionekana ukingoni mwa baraza.

"Siwezi," Nestory alisema.

"Chenge angeweza. Chenge anakaa na mama yangu, anamsikiliza, anamwambia chakula kitamu."

"Basi Chenge ana bahati."

"Kesho baada ya misa wajomba zake wanakuja. Nilimwahidi mama kwamba asipokupenda nitanyamaza. Sasa nitanyamaza, Nestory. Na wewe umenisaidia sana."

Alipanda ngazi kwa haraka, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na hakutaka ayaone. Nestory hakumfuata. Alibaki palepale kwenye jiwe, sahani tupu mkononi.

*

Duka la baba yake Mama Vipul lilikuwa ng'ambo ya mto, jirani na kinu cha pamba cha Mgriki. Mto ulikuwa mchanga mtupu wenye maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Walivua viatu wakavuka. Nestory alitangulia, mbali sana mbele, akichagua mahali pa kukanyaga. Paskazia alipita mahali palepale alipopita yeye, polepole, kwa sababu goti lake la kushoto lilikuwa limevimba kwa kutembea. Hakulalamika. Odeta aliona tu anavyolikanyagia.

Kwenye kinu palibaki bomba la moshi na gurudumu kubwa la chuma lililoota nyasi katikati. Duka lilikuwa na kuta tatu. Mama Vipul aliingia bila kusema kitu, na kunyamaza kwake kuliwafanya wengine nao wanyamaze. Alipita penye kaunta, akatokea uani, akasimama mbele ya kijiguzo cha saruji kilichofika kiunoni.

"Hapa mama yangu alipanda mrehani," alisema. "Kila asubuhi aliumwagia maji na kusali. Mimi nilikuwa naogopa nyuki." Aligusa juu ya kile kijiguzo, pakavu, pana mavi ya mbuzi. "Basi. Nimeona. Nilidhani nitalia, kumbe sina la kulia."

Kisha akalia. Paskazia alimpa leso, akasimama naye bila kumsemesha, kama alivyosimama na wagonjwa wengi.

"Mama Vipul!" Nestory aliita kutoka ukingoni. "Tuondoke! Sasa hivi!"

Mto ulikuwa umebadilika rangi. Maji yaliyokuwa meupe yalikuwa mekundu, yana povu na vijiti. Mvua ilikuwa imenyesha juu, Bariadi huko, na Simiyu haukuwa mto wa kumpigia mtu hodi. Gari lilikuwa ng'ambo. Chakula kilikuwa ng'ambo. Daraja lilikuwa mbali sana, upande wa barabara kuu. Maji yalikuwa yamefika magotini na yalikuwa yakipanda.

"Mimi nitavuka," Mama Vipul alisema, akikusanya sari na kuifunga kiunoni kama wanawake wa shambani. "Nimezaliwa na mto huu. Odeta atanishika mkono. Mama Odeta, goti lako?"

Paskazia aliingia hatua mbili. Maji yalimsukuma, goti likakunjika, akarudi akishika bega la Odeta. Uso wake ulikuwa umebadilika. Katika maisha yake alishawanyanyua watu wengi. Hakuzoea kuwa mtu wa kunyanyuliwa.

"Mbebe mama," Odeta alimwambia Nestory.

Nestory hakusogea.

"Nestory! Mgongoni! Ulibeba magunia ya pamba kule ushirika, utashindwa mama yangu?"

Nestory alikuwa anatazama mchanga. Jasho lilikuwa linamtoka. Alipiga hatua moja mbele, akasimama, akarudi.

"Hutaki hata kumgusa," Odeta alisema, na sauti yake sasa haikuwa ya hasira. "Mama yangu asombwe na maji kuliko umguse."

"Wewe mtoto!" Mama Vipul alimpiga Odeta begani kwa nguvu. "Atamgusaje mkwe wake?"

"Mkwe?"

"Ulisoma nini huko Morogoro? Msukuma hamwangalii mkwewe machoni. Hali naye, hamshiki mkono, hapiti naye njia moja. Mimi Mhindu nimeliona tangu asubuhi, aliponikalisha mimi mbele. Wewe uliona nini?"

Odeta alimgeukia mama yake. Paskazia alikuwa ametulia, akitazama maji.

"Mama, ulijua?"

"Alipogeuza kioo," Paskazia alisema. "Nilihisi. Aliporuka kwenye mkonge nikajua."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema nini? Nijitangaze mwenyewe kuwa mkwe?" Aliunyoosha mguu wake, akaukunja. "Baba yako alikuwa Mngoni, na alikuwa mtu mzuri. Siku ya kwanza alipomwona bibi yako, alimkumbatia palepale stesheni mbele ya watu. Bibi yako alikwenda nyumbani akajifungia. Mpaka anakufa alikuwa akilisema. Mimi nilicheka wakati ule, nilikuwa kijana. Lakini nimezeeka, na leo mtu amejichana na mkonge kwa ajili ya heshima yangu. Niseme nini? Nilikuwa naangalia kama atafika nayo hadi jioni."

Maji yaliugusa ukingo walipokuwa wamesimama.

"Nestory wa Nassa," Paskazia aliita. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina.

"Mama." Bado alitazama chini.

"Mimi si gunia la ushirika. Ukinibeba, unajua kinachofuata."

"Najua, mama. Mbuzi wa kufuta mwiko."

"Jike?"

"Jike, mama. Na shuka."

"Na wazee wa kumleta. Sitaki aletwe na mtu wa barabarani."

"Na wazee, mama."

"Basi inama. Maji hayangoji."

Nestory aliinama. Paskazia alitoa khanga mkobani, akajifunika kichwa na uso wote, kisha akapanda mgongoni. Nestory aliinuka, akaingia mtoni. Nyuma yao, Odeta na Mama Vipul walishikana mikono, maji yakiwapiga mapajani. Odeta alikuwa anakumbuka kila alichosema kwenye zile ngazi.

Katikati ya mto Nestory aliteleza. Paskazia alimkaba shingo.

"Odeta!" sauti ilitoka ndani ya khanga. "Mwambie kuna jiwe kulia!"

"Mama, si uko mgongoni kwake? Mwambie mwenyewe!"

"Nimesema mwambie!"

"Nestory," Odeta alipiga kelele, "mama anasema kuna jiwe kulia!"

"Mwambie mama nimeliona!"

Mama Vipul alicheka hadi nusura wote wawili waanguke.

*

Ng'ambo, Nestory alimshusha Paskazia juu ya mchanga mkavu na mara moja akageuka na kwenda mbali. Paskazia aliifunua khanga, akaikamua, akaanza kulikagua goti lake kama la mtu mwingine. Mama Vipul alikamua sari. Kila mmoja alikuwa na shughuli.

"Subirini," Odeta alisema. "Mbuzi mmekubaliana. Shuka mmekubaliana. Wazee mmekubaliana. Mimi nimekubaliana na nani?"

Paskazia na Mama Vipul walitazamana.

"Kweli," Mama Vipul alisema. "Huyu hajaulizwa."

Odeta aliondoka akamfuata Nestory. Alimkuta kwenye ngazi za mawe, jiwe lilelile. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi kiunoni na damu ya begani ilikuwa imeanza upya. Odeta alikaa jiwe la chini yake.

"Nilipanga nikuulize hapahapa," Nestory alisema. "Baada ya chakula. Nilikuwa nimeandaa na maneno. Ukanitangulia wewe na ukoma."

"Uliyaandaaje?"

"Nilianzia kwa babu na mawe. Yalikuwa marefu."

"Yafupishe."

Nestory alitazama mikono yake. "Siku nilipoamua, nilimwambia mama yangu. Akaniambia, kama umeamua moyoni, yule ni mkwe wako tangu leo, usingoje barua. Usiingie kwake kabla ya wazee, usile mbele yake. Nikamtii. Sikufikiria kwamba wewe hujui. Nilikuwa nakutamkia nia yangu kila siku, Odeta, kila uliponiita kwenu nikakataa. Kumbe ulikuwa unasikia mtu anayekukwepa." Akamgeukia. "Nataka kukuoa. Sina magari ya barafu. Nina hili Pijo na haya magofu, na wiki ijayo nina wageni wengine. Nikianguka nitainuka. Utanikubali?"

Odeta alitaka kwanza kuukariri uso ule, ulioinuliwa sasa, ukimtazama yeye bila kukwepa.

"Nilikuambia maneno mabaya," alisema.

"Uliniambia."

"Nisamehe."

"Nijibu kwanza."

"Ndiyo. Nimekukubali." Aligusa shati lililochanika. "Lakini sikia. Jambo ambalo mama analijua na Mama Vipul analijua, kuanzia leo nilijue mimi kwanza. Usinitamkie kwa kuruka kwenye mkonge. Nitamkie kwa mdomo."

"Nimesikia."

"Basi sema tena unachotaka."

Alisema tena, karibu zaidi, na kwa sauti ambayo baraza halikuweza kuisikia.

*

Jua lilikuwa limeshuka walipoingia garini. Nestory alifungua mlango wa mbele, Mama Vipul akaweka mguu, kisha akautoa.

"Mimi nakwenda nyuma na Mama Odeta. Mbele akae mwenyewe."

Odeta alikaa mbele. Gari lilikohoa, likawaka. Walipofika barabara kuu, Paskazia alisema kutoka kona yake ya kushoto, "Odeta, mwambie apunguze mwendo. Ana watu."

"Amesikia, mama."

"Mwambie."

"Nestory, punguza mwendo, una watu."

"Mwambie mama napunguza."

Taa za Magu zilibaki nyuma. Odeta alikuwa na swali moja tu lililobaki, na aliogopa kuliuliza, lakini akaliuliza.

"Na wajomba wa Chenge, mama? Kesho?"

"Nitawapikia," Paskazia alisema. "Watakula, nitawaambia hapana, wataondoka wameshiba. Chenge si mtu mbaya. Ila wiki iliyopita aliniegemea bega akiomba mchuzi." Akaivuta khanga begani. "Biashara ya nyumba zilizobomoka bado sijaielewa. Atanieleza. Yaani atakueleza wewe, na wewe utanieleza mimi."

Mama Vipul alikuwa ameanza kukoroma. Odeta aliona kwamba kioo cha ndani bado kilikuwa kinatazama dari, na barabara ilikuwa na malori.

"Nestory, utaonaje nyuma na kioo hiki?" alisema, akinyanyua mkono kukirudisha.

"Odeta!" Paskazia aliita, khanga ikiwa tayari usoni. "Kiache hapohapo. Mwambie mkwe wangu atumie vile vya pembeni."

Odeta aliushusha mkono wake.

"Umesikia?" alimwuliza Nestory.

Nestory alikuwa anatazama barabara, na kwa sababu uso wake wote ulikuwa unacheka, ilimchukua muda kujibu.

"Niambie wewe," alisema.